Kinywa cha Itwelele

Lango lilimkataa Kornelia asubuhi ya Jumanne, na aliyekuwa zamu ni Eufrasia, mke wa marehemu mjomba wake.

Eufrasia hakujua kama ni yeye. Alichokiona ukutani ni alama nyekundu tu, ikitokea upande wa Itwelele, ikizimika, ikirudi. Kazi yake ilikuwa kuziangalia alama hizo. Nyeupe ni aliyegonga akapokelewa. Nyekundu ni aliyegonga akanyamaziwa. Lango la Ghala halikumwambia mtu "hapana." Lilikaa kimya kama nyumba iliyohamwa, ili mwizi asijue hata kama pale pana mlango.

Nyekundu za Itwelele zilikuwa jambo la kila siku. Huko kulikuwa na shamba la kampuni ya Amana, na mashine za Amana ziligonga kutwa nzima, mwaka wa pili sasa, bila kuchoka. Eufrasia alikuwa amezizoea kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Lakini hii iligonga taratibu. Iligonga, ikasubiri, ikagonga. Mashine ya mwizi haisubiri.

"Hii si yao," alisema peke yake, akaweka chini kitambaa cha altare alichokuwa anashona.

Simu ikalia.

"Wifi! Wifi, uko kazini?" Ilikuwa sauti ya Oresta, dada wa marehemu mumewe.

"Niko kazini. Habari za huko?"

"Habari gani! Kokwa ya Kornelia imefunga."

Eufrasia alisimama. "Kornelia si yuko Laela kwa mumewe?"

"Yuko hapa, kitandani kwangu. Amekuja kujifungua. Ulitaka uzazi wa kwanza akazalie kwa mama mkwe, wamhesabie vilio?"

Siku hizo kila mwenye ugonjwa wa sukari alikuwa na kokwa, kitu kidogo kama punje ya harage, kimezikwa chini ya ngozi karibu na bega. Kokwa ilionja damu, ikaliuliza Ghala. Ghala lilikuwa juu winguni, yaani kwenye mashine za watu wa mbali ambao hakuna mtu wa Sumbawanga aliyewahi kuwaona, nao ndio waliolitunza na kulilisha umeme. Wenyeji waliachiwa Lango tu. Ghala lilijua habari zote za mgonjwa, likajibu: toa dawa kiasi hiki. Kwa mtu aliyetulia, jibu moja lilitosha siku mbili hivi. Jibu lisipokuja, kokwa ilifunga, kwa sababu walioitengeneza waliona heri isitoe kitu kuliko itoe kiasi cha kuua. Sindano za zamani hazikuwepo tena. Zahanati ya Itwelele ilifungwa kokwa zilipokuja, watu wakaanza kuwekea mahindi ndani yake.

Na Lango halikumjua mtu. Hilo ndilo watu walilolikataa hata ukiwaeleza mara ngapi. Lango lilijua kinywa. Kila kata na kila hospitali ilikuwa na kinywa chake, mahali ambapo maneno yote ya watu wake hutokea kwenda nje, na vinywa vilivyoaminiwa viliandikwa Langoni. Ukigonga kutokea kinywa kilichoandikwa, unapokelewa. Ukigonga kutokea kwingine, hata uwe malaika, kimya. Kornelia wa Laela alijulikana. Kornelia wa kitandani kwa mama yake hakujulikana. Waliopanga taratibu hizo walifikiria vita, walifikiria moto, walifikiria wezi wa kila namna. Hawakufikiria kwamba binti akishika mimba ya kwanza hurudi kwao.

"Amefika lini?" Eufrasia aliuliza.

"Juzi. Jana alikuwa mzima, anacheka. Leo ndoo ya maji hamalizi kiu. Anatapika. Pumzi yake inanuka kama matunda yaliyochacha, wifi, na uchungu umemwanza."

"Mpakizeni kwenye gari mumlete hospitali."

"Gari lipite wapi? Mto umelichukua daraja."

Eufrasia akauangalia ukuta. Alama ilikuwa bado inagonga. Taratibu.

"Basi mwandike," alisema Oresta. "Si wewe unayeandika? Andika Itwelele, mtoto apate dawa, nami nitakuletea kuku."

"Kinywa cha Itwelele ni cha Amana, wifi."

"Kwani nimekuuliza mwenye mnara wa simu? Mnara ni wao, ndiyo. Sisi mnara tungeutoa wapi?"

"Ninyi nyote mnatokea mdomo mmoja. Nikikuandika wewe nimewaandika na wao. Lango haliwezi kuwatenganisha."

Upande wa pili mtu aligumia ndani, kwa kirefu, kama anasukuma kitu kizito.

"Mke wa kaka," alisema Oresta, na utani wote ulikuwa umemwisha, "ongea na wakubwa zako. Ongea upesi."

*

Mhandisi Ipyana, mkubwa wake Langoni, alikuja na matope mpaka magotini. Alikuwa kijana mwenye heshima, na alipokuwa na habari mbaya aliuangalia ukuta badala ya mtu.

"Iko njia ya peke yake," alisema. "Kokwa ile moja inaweza kuchimbiwa mfereji wake mpaka Ghalani, usiopita kinywani kwa mtu. Amana wasiuone wala wasiunuse."

"Basi uchimbe, baba."

"Wanaochimba ni wenye mashine, mama, si mimi. Na wao hawachimbi bila sahihi ya Baraza la Ghala."

"Baraza linakaa lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumanne."

"Najua leo ni nini, mama."

"Mpigie mwenyekiti."

"Nimempigia njiani. Anasema mgonjwa mmoja si dharura ya Ghala. Dharura ya Ghala imeshaelezwa: moto, vita, mafuriko."

"Si kuna mafuriko?"

"Anasema si kwenye Ghala."

Eufrasia alicheka. Kilimtoka tu, kicheko kikavu, akaona haya.

"Kwani wakipita Langoni, ndani hakuna kufuli?" aliuliza, ingawa alijua jibu. Alitaka mtu mwingine alitamke.

"Funguo za ndani ziliibiwa mwaka ule. Amana wanazo. Kuzibadilisha kunataka Ghala lizimwe, na ukilizima umezizima kokwa zote nchi nzima. Kufuli iliyobaki ni hii." Akagusa ukuta kwa kiganja. "Wewe hapo, na orodha ya vinywa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zaidi ya sisi wote, wewe unajua, mama."

Alijua. Mwaka ule fundi mmoja aliambiwa afanye matengenezo, akaona uvivu kuandika vinywa kimoja kimoja, akaandika "wote." Alikusudia kulifunga Lango akimaliza kula. Kabla sahani haijaoshwa, majina ya wenye kokwa yalikuwa mikononi mwa kila aliyeyataka. Wenye mashamba waliwafukuza wafanyakazi, kwamba mtu wa kokwa atazimia kwenye usukani. Wenye nyumba waliwatoa wapangaji. Ndoa zilivunjika, mahari zikarudishwa.

Anaklet, mume wa Eufrasia, alikuwa anaendesha mashine ya kuvuna ya Amana. Walimwachisha kazi kwa maneno mawili. Akaenda mji mwingine kutafuta kazi, na huko nako walikuwa wanapapasa watu mabegani. Basi akamtafuta mtu wa sokoni aliyekuwa anatoa kokwa kwa kisu, ili apite ukaguzi. Alipita ukaguzi. Aliendesha, na wiki haijaisha akafa. Eufrasia aliletewa viatu vyake, koti lake na pole ya mwajiri, na alipopewa kazi ya Lango aliichukua kama wengine wanavyochukua utawa.

"Nakwenda nyumbani kwa mwenyekiti mwenyewe," alisema Ipyana akivaa koti. "Nitamsimamia mpaka atie sahihi. Mama, tafadhali. Usiguse kitu."

*

Kengele ya adhuhuri ililia kanisani. Eufrasia akasimama akasali Malaika wa Bwana, maneno yakitoka yenyewe, macho yakiwa ukutani. Alama ya Itwelele ilikuwa imepunguza mwendo. Kokwa iliyokosa jibu hupunguza kugonga ili isimalize nguvu. Alijua pia kwamba mwendo hupungua damu inapoharibika.

Oresta alipiga tena.

"Amesemaje mkubwa wako?"

"Ameenda kutafuta sahihi."

"Sahihi." Oresta alilirudia neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Wifi, nisikilize. Kaka yangu aliuawa na lango lililofunguliwa. Sasa mwanangu auawe na lango lililofungwa? Ukoo wetu umewakosea nini ninyi watu wa malango?"

"Oresta..."

"Usiniite Oresta. Wakati wa matanga ulilala kifuani kwangu ukaniita mama."

"Humu Ghalani kuna watu, Oresta. Wana watoto. Kila mmoja ni Anaklet wa mtu."

"Mimi siwajui! Na wewe huwajui! Huyu unamjua, ulimfunga nepi!"

Kukawa na mvutano wa simu, kisha sauti nyingine ikaja, ndogo, ya mtu anayepanda mlima.

"Mama Eufrasia. Ni mimi." Akavuta pumzi. "Usigombane na mama. Ana hofu tu." Akavuta tena. "Ukiweza, sawa. Usipoweza, sitakulaumu."

Afadhali angetukana.

Eufrasia aliweka simu mezani bila kuikata. Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, akamwomba Mungu ishara. Hakutaka kubwa. Ipyana aingie mlangoni. Mwenyekiti apige. Hata umeme ukatike, asiwe yeye aliyeamua. Akasikiliza. Alikuwa ameishi na Mungu miaka mingi, alijua kwamba mara nyingi hajibu, na mpaka mchana ule hakuwahi kumwonea uchungu kwa hilo.

Akainuka. Akaweka kidole mahali pa kidole. Akaandika Itwelele.

Mashine ikamwuliza kama ana uhakika. Hakuwa nao. Akabonyeza ndiyo.

Alama ya Kornelia ikawa nyeupe. Nyeupe kabisa, tulivu, na kwenye simu alisikia mkunga akisema, "Kimegeuka! Kidude kimepata uhai!"

Halafu nyekundu zote za Itwelele zikageuka nyeupe kwa pamoja, kama ungo wa mchele uliomwagika.

Sehemu ya chini ya ukuta ilionyesha kinachotoka Ghalani, na siku zote palikuwa patupu, majibu madogo madogo tu ya dawa. Sasa yakaanza kutoka majina, ya wote waliowekewa kokwa tangu mwaka ule. Jina, ubini, kata, umri, na kokwa iliwekwa lini.

Mkono wake ulikwenda penye kidole. Akaurudisha. Kwa mtu aliyetulia jibu moja lingetosha, angefunga papo hapo, na wezi wangeondoka na konzi moja. Lakini Kornelia alikuwa anazaa, na damu ya mtu anayezaa hubadilika kila pumzi. Kokwa yake ilikuwa inauliza na kujibiwa, inauliza na kujibiwa. Akifunga sasa, ingebaki na kipimo cha sasa hivi, na kipimo cha mwenye uchungu ni sumu kwa aliyekwisha kujifungua. Lango lilitakiwa libaki wazi mpaka mtoto atoke.

Akatoa rozari. Kwa kila jina lililotoka aliazimu kusema Salamu Maria moja, kamili, kwa sababu kama ni yeye anayewauza watu hawa, angalau asiwauze kama magunia. Alisema ya kwanza, na alipofika Amina majina yalikuwa yamejaza ukuta yakaanza kupanda. Akafupisha. Kila jina, "utuombee." Yakamzidi. Mwishowe aliacha sala yote akawa anataja majina tu, kwa sauti, upesi, kama mwalimu wa zamu, akiruka mengine, akirudi, machozi yakimzuia kusoma. Mengine aliyajua. Mmoja alikuwa anasomea upadre. Mmoja alikuwa anauza vitumbua kwenye kona ya pale pale nje.

"Sukuma mwanangu! Hivyo hivyo!" alisema Oresta simuni.

Majina.

"Usikaze shingo! Sukuma chini!"

Majina.

Kisha kilio, chembamba, chenye hasira, na vigelegele vya Oresta vikaivunja simu. "Wa kike! Wifi, wa kike! Kichwa cha kaka yangu hiki hiki!"

Eufrasia alisubiri kokwa iulize tena, ijibiwe tena, ipokee kipimo kipya cha kuifikisha Alhamisi. Akahakikisha. Akahakikisha mara ya pili. Ndipo akakifuta kinywa cha Itwelele, na nyeupe zote zikazimika, na mashine za Amana hazikugonga tena. Zilikuwa zimeshiba.

*

Ipyana aliporudi hakuwa na sahihi. Aliuangalia ukuta, akamwangalia mama mwenye rozari, akaketi sakafuni na koti lake la mvua.

"Amejifungua?" aliuliza.

"Mtoto wa kike. Wazima wote wawili."

"Namshukuru Mungu." Akafuta uso. "Tutasema ni radi. Msimu wa mvua, radi imepiga Lango likafunguka lenyewe. Imeshawahi kutokea kwingine."

"Radi haina dhambi. Usiisingizie."

"Mama, watakufunga!"

"Wanifunge. Lakini kwanza nitawapitia watu. Amana bado wanapanga majina, wataanza kuita kesho kutwa. Mtu akijua mapema anaweza kuomba kazi kwingine, anaweza kuhama nyumba kabla hajatolewa. Anaklet hakupata hata siku moja."

"Kumtamkia mtu kwamba yumo Ghalani ni kosa. Hiyo ndiyo siri yenyewe ya Ghala."

"Amana wanajua," alisema Eufrasia. "Mwenyewe asijue?"

Ipyana akalala chali pale sakafuni na kufunika macho kwa kiganja.

"Nenda," alisema. "Sijakuona."

*

Kesho yake alianza na aliyekuwa karibu, mtu anayeitwa Gaudensi, dereva wa trekta wa Amana aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Alimkuta uani ananoa jembe. Mkewe, Mama Pelagia, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama, karibu kiti."

Walimsalimia vizuri. Walimwuliza habari za mvua na za daraja, wakampa maji ya kunywa. Alikuwa amejipanga njia nzima, maneno machache, ya wazi, bila kujitetea. Alipoyameza maji akasema, "Baba, nimekuja na jambo."

Mama Pelagia akanyanyua ungo wake, kama inavyopasa. "Basi nawaachia mzungumze."

"Hapana, mama, kaa," Eufrasia alimshika kanga. "Mimi ni mjane. Siwezi kuja uani kwa mtu nikamwita mumewe pembeni. Nitakalosema utalisikia na wewe."

Mama Pelagia akacheka, akaketi. "Ungemwita tu, mama! Huyu na miguu yake hii, nani atamchukua?"

"Idharau tu," alisema Gaudensi. "Wako wanaoipenda."

Wakacheka wote watatu. Eufrasia akaona kwamba ni watu wema, na wema wao ukampa nguvu.

"Jana nilifungua Lango la Ghala," alisema. "Nilikuwa na mgonjwa wangu. Walioingia wamechukua majina, na lako ni mojawapo. Amana wanalo. Watakuita wiki hii. Nimekuja ujue mapema, na nimekuja uniambie lolote unalotaka kuniambia, maana aliyefanya ni mimi."

Gaudensi hakumtazama hata. Alikuwa anamtazama mkewe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda kifuani, ukashika kola ya shati. Eufrasia alikuwa analipwa kwa kuangalia, na sasa ndipo alipoangalia. Joto lote lile la baada ya mvua, mtu yuko kwake, ananoa jembe, na shati amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Ghala?" alisema Mama Pelagia. "Si la wenye kokwa hilo?"

Jembe lilikuwa limelala kwenye jiwe la kunolea.

"Baba Pelagia, lile kovu. Si uliniambia ni pembe la ng'ombe?"

"Mke wangu..."

"Tuna watoto watatu." Alisema hivyo polepole, bado ameshika harage moja kati ya vidole. "Umelala na mimi humo ndani miaka yote hii. Kokwa gani?"

Gaudensi aliinamisha kichwa. Mama Pelagia alimngoja. Kisha aligeuka kwenye kiti cha mgeni.

"Mama," alimwuliza Eufrasia, "kokwa gani?"